Kwa Nini Tulishindwa kwa Pointi

Jumapili, 9 Juni

Tumeshindwa. Raundi kumi, kwa pointi, majaji wawili dhidi ya mmoja. Nimeliandika mwanzoni ili nisilazimike kulirudia.

Aliyepigana ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ulingoni anaitwa Tanuri kwa sababu anafanya kazi kiwanda cha mikate. Aliyeshinda anaitwa Msumari, na kweli kakaa kimsumari. Mimi ni fundi cherehani, na pia ni meneja wa Tanuri. Umeneja nilijipa mwenyewe miaka sita iliyopita. Mpaka leo hakuna aliyelalamika kwa maandishi.

Asubuhi Tanuri kaja kunywa chai. Jicho la kushoto limefumba kabisa. Mke wangu kamwekea barafu kimya kimya, halafu akaniangalia mimi, utadhani ni mimi niliyempiga mdogo wake. Nikamuuliza nimefanya nini. Akasema yeye hajasema kitu.

Kushindwa nitakuzoea. Kinachonila ubongo ni hiki: konde la kulia la Tanuri limeshalaza watu kumi na mmoja. Jana Msumari alilikwepa karibu kila lilipokuja, tena bila haraka, kama mtu anayempisha mgonjwa mlangoni. Alijuaje? Sitatulia mpaka nijue.

Na kuna ajabu nyingine. Raundi ya saba na ya nane Tanuri alimchakaza vibaya, Msumari akapiga goti. Bahati mbaya ndizo raundi nilizokuwa nimekaukiwa sauti kwa kupiga kelele, nikawa nakunywa maji tu pembeni. Najiuliza tungefika wapi kama koo lingekuwa zima.

Jumatatu, 10 Juni

Promota kapiga simu. Jumamosi anataka tuonane ofisini kwake aamue: ama marudiano na Msumari mwezi wa tisa, ama jina la Tanuri litoke kwenye orodha yake. Anataka aelezwe kwa nini bondia mwenye mkono kama ule alikuwa anapiga hewa.

Na kama vile haitoshi, mwenye kiwanda cha mikate anataka kumpa Tanuri usimamizi wa zamu ya alfajiri. Cheo kizuri. Lakini alfajiri ndiyo saa ya mazoezi. Akikubali, ngumi basi. Naye anataka jibu Jumamosi hiyohiyo.

Tanuri ana miaka ishirini na tisa. Nilipompelekea habari nilimkuta anakunja zile bandeji za mikono, anazilaza vizuri moja baada ya nyingine ndani ya mfuko. Hakuufunga mfuko. Nikaona huruma mpaka nikaona aibu. Nikamwambia kabla ya Jumamosi nitakuwa nimegundua Msumari alijuaje. Akafungua mdomo aseme neno, akaufunga, akaniambia asante shemeji.

Pambano lilirekodiwa na kinyozi wa mlango wa pili, akanitumia kwenye simu. Kinyozi huyu anasema Tanuri kaisha. Huyo hajui ngumi. Anajua nywele, na hizo nazo anazijua upande mmoja. Simu yangu haina sauti tangu nilipoilaza karibu na pasi, spika ikaungua. Kinyozi akaniambia nikaangalie kwake, na sauti nisikie, maana sauti ina mambo. Nikakataa. Mtaalamu anatumia macho.

Jumanne, 11 Juni

Nimeliangalia pambano mara kumi na nne. Suruali ya mwalimu mmoja niliyokuwa naipiga pasi imeungua matako. Nitaitia kiraka na kumwambia ndiyo mtindo.

Hesabu ni hii. Makonde ya kulia, arobaini na moja. Yaliyompata Msumari, tisa. Kati ya hayo tisa, manane ni ya raundi ya saba na ya nane. Na nimegundua jambo kubwa: Msumari anaanza kusogea kabla bega la Tanuri halijatikisika. Kabla! Kuna kitu anakiona mapema. Kitu gani?

Halafu, dunia ndogo jamani, kwenye kona ya Msumari nimemwona mteja wangu amebeba taulo. Yule namwita Bwana Suruali. Kabla ya pambano alikuja dukani mara tatu na suruali moja: nimpunguzie urefu, nimwongezee, nimpunguzie tena. Mtu muungwana sana, anauliza maswali ya maana. Ndiye peke yake katika mji huu aliyewahi kuniuliza kazi ya umeneja ikoje. Nikamweleza yote, pamoja na maneno yetu ya siri. Maana mimi siwezi kupiga kelele "kulia, kushoto" kila mtu asikie. Nimetunga lugha ya ufundi: pima ni konde la kushoto, kata ni la kulia, pindo ni kuinama. Alisifu sana. Aliniomba hata nirudie ayashike vizuri.

Mke wangu akachungulia simu begani kwangu, akauliza yule si ndiye kocha wa Msumari. Nikamwambia kocha naye huvaa suruali. Akaenda kuanua nguo.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata! Ni nyusi.

Kabla ya konde la kulia, Tanuri anainua unyusi wa kulia. Nimeliona jambo hilo mara mbili kati ya arobaini na moja, na zile nyingine picha haikuwa safi. Nikaenda kiwandani saa ya mapumziko ya chakula. Nikamsimamisha Tanuri mbele ya gunia la unga, nikampiga plasta kwenye nyusi zote mbili ili zisicheze, nikamwambia apige. Akasita. Nikamkumbusha nani ni meneja.

Sasa naweza kushuhudia kwamba mkono wa kulia bado upo. Gunia lilipasuka kutoka juu mpaka chini. Mwenye kiwanda alitukuta weupe kama maiti, mmoja ana plasta usoni. Hakufoka. Alimwambia Tanuri kwa upole kabisa kwamba msimamizi wa zamu anatakiwa kuchagua watu wa kufuatana nao. Nikafagia unga wote mimi mwenyewe.

Jioni kubandua plasta kukaondoka na nyusi zenyewe, karibu zote. Mke wangu hajanipakulia chakula. Kasema sufuria lilipo napajua.

Alhamisi, 13 Juni

Si nyusi. Ni utepe.

Bukta ya pambano niliishona mwenyewe, buluu, na ubavuni nilitia utepe wa dhahabu uning'inie ili watu wajue fundi yupo. Nikawaza: Tanuri akijivuta kwa konde la kulia, utepe unaruka. Msumari anaona dhahabu, anakwepa. Nimeufumua wote. Uliniuma, maana utepe ule nilimnyima bibi harusi mmoja ili utoshe. Kisha nikarudi kwenye picha kuhakikisha, nikakuta utepe ulichanika raundi ya pili na mwamuzi akautupa nje.

Kinyozi kapita mlangoni, ananiuliza kama nimeshasikiliza. Nikamwambia nimeshaangalia mara thelathini. Akasema hakuuliza kuangalia. Watu wengine wamezaliwa kubishana.

Ijumaa, 14 Juni

Sina jibu. Kesho ndiyo kesho.

Tanuri kaja dukani bila nyusi, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akawa anaokota vipande vya uzi sakafuni na kuviviringisha. Nikamuuliza ananificha nini. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama anataka kuendelea na ngumi au anataka hiyo zamu. Akasema kwamba raundi ya saba na ya nane alijisikia kama mtu anayejua kupigana, na angependa kujua kama angeweza raundi kumi za namna hiyo. Mara moja tu. Baada ya hapo hata mikate ataisimamia kwa moyo mweupe.

Alipoondoka niliishiwa nguvu ya kukanyaga cherehani. Sijawahi kumtakia mtu jambo kama ninavyomtakia kijana huyu raundi hizo kumi.

Jumamosi, 15 Juni

Ofisini kwa promota kuna televisheni kubwa na spika mbili zinazofika kiunoni. Tulikuwa watu wanne: promota, Tanuri, kocha wake, na mimi. Kocha wa Tanuri ni mzee mpole ambaye kikohozi kilimnyang'anya sauti, ndiyo maana kazi ya kupiga kelele konani ni yangu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza nadharia ya viatu, iliyonijia njiani.

Promota akasema tuangalie kwanza. Akawasha. Na sauti.

Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele, lakini juu ya kelele zote ilipaa sauti moja, safi, ya mtu mwenye mapafu. KATA! Msumari akasogea kushoto. Konde likapita. KATA! Akasogea. PIMA! Akaziba uso. PINDO! Msumari akashusha ngumi akaingoja pua ya Tanuri ishuke ilipo.

Jambo la kwanza nililowaza, naliandika kwa kuwa hii ni shajara yangu mwenyewe, ni kwamba sauti yangu inatoka vizuri kwenye spika. La pili lilichukua muda kufika. Lilipofika nilitamani kujificha chini ya meza.

Promota aliiacha picha iende mpaka raundi ya saba. Ikaja kimya. Tanuri akaanza kupigana. Kulia, kulia, chini, kulia. Msumari anageuza shingo huku na huku kama aliyepotelewa na mtu sokoni. Goti chini. Raundi ya tisa sauti ikarudi, ya kukwaruza, na kila kitu kikarudi nayo.

Akazima. Akasema ana bondia mzuri sana na anampa marudiano, tarehe ishirini na moja Septemba. Sharti moja. Siku hiyo meneja atakaa safu ya ishirini, na atafunga mdomo. Nikaapa. Kocha akanipigapiga mgongoni kwa huruma, na hapo ndipo nilipojua kuwa hata yeye alikuwa anajua.

Kiwandani Tanuri kaomba wamngoje mpaka Oktoba. Mwenye kiwanda kamkubalia, akauliza tu nyusi zitarudi lini.

Jumapili, 16 Juni

Nilimfuata Tanuri kwake nikamuuliza alijua tangu lini. Raundi ya nne, akasema. Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kunisikiliza, mtu mzima na akili zake.

Akaniambia pambano lake la kwanza kulikuwa na watazamaji kumi na wawili, na kumi na mmoja walikuja kwa ajili ya wenzake. Katika ukumbi ule sauti aliyoisikia ni yangu. Tangu hapo hajawahi kupigana bila kuisikia. Nilipokauka raundi ya saba alishtuka kwanza, akageuka kuangalia kama nimeanguka. Aliponiona nakunywa maji ndipo akapata nafasi ya kupigana. Na akasema asingeweza kuninyamazisha mbele za watu. Heri ashindwe.

Nikatoka nje nikajifanya naangalia mfereji wa maji. Nilibubujikwa na machozi bila aibu. Kijana kabeba makonde ya raundi tano kwa sababu hakutaka kunivunjia heshima.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipakulia chakula. Akasema kwa hiyo nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza sana.

Jumanne, 18 Juni

Siku nzuri. Kazi nyingi.

Nilikuwa nimekosea wapi? Sauti. Sauti inasikika na kila mtu. Jambo lililo wazi kabisa, na mimi fundi, mtu wa vitambaa, sikuliona! Nimeapa kufunga mdomo, na mdomo nitaufunga. Promota hakutaja mikono.

Nimeanza kushona bendera tatu. Ya njano ni pima, ya kijani ni pindo, nyekundu ni kata. Nyekundu nimeikata kubwa, upana wa shuka, kwa sababu safu ya ishirini ni mbali na nataka Tanuri aione hata akiwa na jicho moja. Bado sijamwambia. Nataka kumshtukiza siku yenyewe, ajue kwamba mimi bado nipo.

Alasiri nilipokuwa natia pindo kwenye ile nyekundu, nani kaingia kama si Bwana Suruali. Suruali ileile, sasa anataka iongezwe urefu. Muungwana kama kawaida. Akaulizia afya ya shemeji, akaulizia vitambaa hivi ni vya shughuli gani, maana rangi zake zimempendeza. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, akaanza kukohoa. Kikohozi cha ajabu, hakikomi. Nikamwambia akanywe maji.

Nikamwandikia Bwana Suruali kwenye karatasi, rangi na maana yake, ili asichanganye.