Majani Nyuma ya Kioo Cheusi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Nimeweka tinti kwenye vioo vya gari langu, Probox.

Sababu ni hii. Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa kituo chetu cha kununulia majani chai. Nagombea dhidi ya Rodah, jirani yangu. Ahadi yangu ni moja: majani yote kituoni, na anayewauzia wachuuzi ni msaliti. Nilipigiwa makofi. Mimi mwenyewe humpelekea Momanyi, mchuuzi wa Sotik, mara tatu kwa wiki. Analipa papo hapo. Jana baada ya ibada Rodah alichungulia ndani ya gari langu, akaona magunia, akauliza kama siku hizi nayo yanaokoka.

Nilienda Kapsoit, ambako hakuna anayenijua. Fundi anaitwa Kiplimo. Amebandika karatasi nyeusi pembeni na kwenye kioo cha nyuma, juu ya zile nyaya nyembamba za kupasha kioo joto. Alinionya nisiwashe joto la kioo hicho wiki nzima, gundi bado mbichi. Nilikuwa nimeacha kusikiliza. Nilikuwa nachungulia gari langu mwenyewe na sioni kitu. Raha.

Jumanne, 6 Mei

Magunia manne, yote yameloa. Majani yaliyochumwa kwenye mvua hupumua. Hupata joto pia. Kabla sijafika langoni, vioo vilikuwa na ukungu kwa ndani kama kifuniko cha sufuria. Cha mbele nilifuta kwa kofia. Cha nyuma hakifikiki. Nikarudi nyuma kwa imani, na imani ikagonga mitungi mitatu ya maziwa ya Rodah iliyokuwa kando ya barabara ikingoja kuchukuliwa.

Sikusimama. Tinti ilifanya kazi yake: hakuniona. Namba ya gari aliiona. Alinipigia simu saa nne, bila haraka, akasema gari ni langu lakini dereva hakumtambua. Nilisema ni Mama Chepchumba. Mama Chepchumba ni mke wangu, Janeffer. Alikuwa amekaa karibu nami akichambua mboga.

Jioni nimepewa chai ya rangi. Nilipouliza, aliniambia dereva mbaya kama yeye hafai kukabidhiwa maziwa.

Jumatano, 7 Mei

Njia ya Sotik, magunia matano, ukungu ule ule. Lori likipiga honi nyuma yangu, silioni. Nikabonyeza swichi ya joto la kioo. Baada ya dakika kumi mistari myembamba ilianza kukauka, mmoja baada ya mwingine. Niliona taa za lori. Nilifurahi kwa takriban kilomita mbili.

Kisha karatasi ikaanza kuvimba. Malengelenge kwenye kila waya, kama chapati kwenye kikaango.

Nilimpigia Kiplimo. Aliuliza: "Mzee, nilikuambia nini?" Nilisema sikumbuki. Akaniomba nisubiri, nikamsikia akiwasimulia wenzake. Walicheka sana. Mimi ndiye niliyelipia simu hiyo.

Alhamisi, 8 Mei

Nilijaribu kusukuma malengelenge kwa kitambulisho. Yalihama tu. Nikachukua wembe nikate karatasi iliyovimba na kuacha nzima. Kazi ya saa mbili, ndani ya gari, shingo imepinda. Wembe umekata na nyaya. Sasa joto haliwaki, na kioo kina milia: mweusi, mweupe, mweusi. Ukisimama nyuma unaona ndani vizuri, kama unachungulia ghala la mahindi.

Janeffer alipita na ndoo. Aliuliza, Baba Chepchumba, hilo ni gari au punda milia. Niko na uchovu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepata dawa. Nilienda Kericho mjini nikachapisha bango la kura la upana wa kioo chote. Picha yangu, jina Kipkurui, na maneno MAJANI YOTE KITUONI. Nimelibandika kwa ndani, linatazama nje. Kioo kimezibwa na kampeni inafanyika. Sijui kwa nini sikuanza na hili.

Momanyi anataka mzigo kesho asubuhi. Nitapita kituoni kwanza, nichaguliwe, kisha niendelee.

Jumamosi, 10 Mei

Nilifika saa tatu. Niliegesha gari likiwapa wapiga kura mgongo, ili wasome. Magunia sita ndani. Kura ni ya mlolongo: kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Mlolongo wangu ulifika watu arobaini na mmoja, nilihesabu mara mbili. Wa Rodah, ishirini na sita. Janeffer alikuwa kwa Rodah. Nilimezea.

Mvua ikaongezeka. Karani wa kituo akawa anatafuta kalamu ya kuandika matokeo. Majani yakaendelea kupumua.

Bango lilianza kulegea juu, upande wa kushoto. Uso wangu ukajikunja taratibu, ukainama, ukaangukia magunia. Milia ikabaki. Nyuma ya milia, majani mabichi mpaka darini.

Hakuna aliyepiga kelele. Walihama mmoja mmoja, wakikwepa madimbwi. Karani alipopata kalamu, nilikuwa nimebaki na Mzee Kipkemoi, na yeye alikuwa chini ya mwavuli wangu.

Rodah alikuja akaangalia ndani. "Baba Chepchumba, ulisema majani yote kituoni," akasema. "Haya, yamefika. Yapimwe."

Yalipimwa. Kilo tisini na nne. Karani anasema sijawahi kuleta nyingi hivyo.

Jumapili, 11 Mei

Rodah amekuja baada ya ibada, mwenyekiti sasa. Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake alisema kamati inahitaji mtu wa kuzunguka na gari kukamata wachuuzi, na anayejua tundu la ua ni aliyelipitia. Alisema ananipa nafasi nijisafishe, na kwamba watu wengi wamemkataza. Janeffer alimpa chai ya maziwa. Nilimwambia Rodah anipe muda nitafakari.

Nimetafakari hadi alipofika langoni. Kisha nimempigia Momanyi, nikamwambia aandae nafasi ya magunia kumi na mawili. Gari la mkaguzi nani atalikagua?