Gari la Arusi Lisilo na Klachi

Jumatatu, 8 Julai 1974. Kasese.

Goti la kushoto limeniaibisha mbele ya watu. Karibu na soko nilikanyaga klachi, mguu ukakataa kurudi, Landrova ikazimika katikati ya mbuzi wa watu. Polisi alikuja kunikemea kwenye dirisha la kulia. Hakumkuta mtu. Gari hili nilitoka nalo Kongo, usukani uko kushoto. Ikabidi azunguke, na alipofika upande wangu alikuwa amekasirika mara mbili.

Shemeji Sosthène alikuwapo. Angekosaje! Ni kaka yake mke wangu, mnunuzi wa kahawa, na tangu apate Pijo 404 hapiti njia isiyo na watu. Alinisaidia kulisukuma gari kando, kisha akasema kwa upole mwingi kwamba siku ya arusi ya Elise atamchukua bibi arusi yeye mpaka kanisani Bwera, maana mjomba naye ni mzazi. Nikamwambia baba wa mtoto bado hajafa. Akalitazama goti langu.

Arusi ni tarehe 3 Agosti. Elise ni kitinda mimba wetu. Mwaka 1964, tulipokimbia Butembo, nilimvusha mto wa mpakani, Lubiriha, katika gari hili hili, ana miaka kumi, amekaa juu ya gunia la maharagwe, akiuliza tutarudi lini. Nilimjibu Jumapili. Tangu hapo Jumapili zimepita nyingi. Ahadi ile imenishinda. Hii ya kumfikisha kanisani kwa mikono yangu isinishinde.

Mimi husoma kila kitu, hata karatasi iliyofungia sabuni. Na nimesoma kwamba yako magari yanayojibadilishia gia yenyewe. Hayana klachi! Mguu wa kushoto unakaa tu kama mgeni wa heshima. Nimeamua. Landrova itakuwa gari la namna hiyo.

Anastasie aliposikia aliweka mwiko chini. "Baba Elise," alisema, "mutu akiumwa na goti anatafutia goti dawa. Weye unatafutia gari."

 Wavumbuzi wote walianza kwa kuchekwa na wake zao.


Alhamisi, 11 Julai.

Katwe, pamoja na fundi Sulaiti wa Bulembia. Upepo wa ziwani unakausha midomo, na kila ulambapo ni chumvi.

Nilikuwa nimesikia habari za gari refu la Kimarekani lililoachwa huko na mzungu aliyekuja kupima ziwa akaondoka kwa ndege. Tulilikuta nyuma ya nyumba ya Naome, mama mmoja anayevuna chumvi. Milango imeliwa na kutu, ukiigusa, unabaki nayo mkononi. Lakini Sulaiti aliingia chini na kutoka anatabasamu. Sanduku la gia lilikuwa limelala ndani ya mafuta yake miaka yote hiyo, zima kabisa. Injini nayo inazunguka.

Taabu ikawa kuku. Wanataga kwenye kiti cha nyuma, na watatu walikuwa wameatamia. Naome alisema hana haja na chuma, tuchukue, ila paa na viti vibaki, na atakayemwamsha kuku mmoja atalala hapo badala yake mpaka mayai yaanguliwe. Basi tukafungua bolti kwa kunong'ona, siku nzima. Mimi, karani mkuu wa shamba la kahawa, niliyesoma Kilatini miaka mitatu kwa mapadri, nikimwomba radhi kuku kila spana inapoteleza.


Jumatano, 17 Julai.

Gereji kwa Sulaiti. Habari si mbaya sana.

Sanduku la Kimarekani halikubali kuoana na injini ya Landrova. Matundu ya bolti hayalingani. Kwa hiyo injini yangu imetoka pia, na ile ya Katwe imeingia na sanduku lake. Ni ndefu mno. Sulaiti amekata ukuta wa mbele kwa tindo, na sasa kichwa cha injini kinachungulia ndani kama jirani. Boneti haifungi. Magurudumu ya mbele hayavuti tena. Tundu la mbele la kuzungushia injini kwa mkono halina tena cha kuzungusha.

Kwa maneno mengine, gari lililoweza kupanda mlima wowote nimeligeuza kuwa la kwenda kanisani. Lakini si huko ninakokwenda?

Pedali ya klachi nilikwenda nayo nyumbani kama ukumbusho. Anastasie anazuilia nayo mlango wa jikoni.


Jumamosi, 27 Julai.

Inakwenda!

Sulaiti aliiwasha kwa betri yake ya gereji, nikavuta mkono wa gia kwenye herufi ya kwenda mbele, na Landrova ikaondoka yenyewe, polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mguu wa kushoto hauna kazi. Lakini hauamini. Kila nilipotaka kupunguza mwendo uliruka kutafuta klachi, ukaikuta breki, na sote tukaenda mbele. Anastasie amevimba paji la uso. Ameniambia niufunge mguu huo kwa kamba. Nimeufunga, kwa kitenge chake.

Nilipita mara mbili mbele ya duka la Sosthène. Mara ya tatu alikuwa ameingia ndani.


Jumapili, 28 Julai.

Naandika huku masikio bado yana moto.

Nieleze kwanza desturi yetu. Tangu wenye maduka makubwa wafukuzwe nchini na vitu kuadimika, betri mpya haionekani Kasese. Zilizopo zimekufa. Basi kila mwenye gari huegesha mtelemkoni, na baada ya misa wanaume wa parokia hukunja mikono ya mashati na kutusukuma mmoja mmoja. Unatia gia ya pili, unaachia klachi, gari linawaka, unapunga mkono. Hata padri husukumwa. Mimi stata yangu sijaigusa miaka miwili.

Leo asubuhi Sulaiti aliniwashia kwa betri yake, nami nikaegesha mtelemkoni kama kila Jumapili. Misa ikaisha. Wanaume wanane wakasukuma. Nikashuka ule mtelemko mzuri, kimya, kimya kabisa, nasikia ndege. Nikavuta mkono kwenye kila herufi. Nikafika chini. Wakanirudisha juu, wakasukuma tena. Nikashuka tena. Mara ya tatu kwaya ilikuwa imetoka nje kutazama.

Sosthène aliinama dirishani. "Shemeji," alisema, "gari yako iko inaenda vizuri sana. Injini ndiyo imebaki nyumbani."


Jumatatu, 29 Julai.

Sulaiti amenieleza, akikwepa macho yangu. Sanduku hili hushika kwa mafuta yanayopampiwa na injini. Injini isipozunguka hakuna mafuta, na bila mafuta magurudumu na injini havijuani. Yako ya zamani yaliyokubali kusukumwa, hili hapana. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba yeye alijua mzee aliyesoma amelifikiria hilo.

Nilisoma kila kitu kuhusu magari yasiyo na klachi. Nadhani walioandika wana betri.

Kuirudisha injini ya zamani kunataka wiki tatu. Nimebakiwa na siku tano. Kuniazima betri ya gereji Sulaiti hawezi. Ndiyo moja, na mji mzima unaitegemea. Atakuja nayo Jumamosi asubuhi, aniwashie, arudi nayo.

Mpango basi ni mwepesi. Nisizime. Nikiwaka Kasese, nizime Bwera mbele ya kanisa. Ni maili thelathini na kitu.

Elise amenisikiliza mpaka mwisho. Akanikumbusha kwamba padri wa Bwera ataondoka saa tano kwenda kigango cha mlimani, na arusi isiyofungwa kabla ya hapo itangoja mwezi mwingine. Bwana arusi, mwalimu Kule, amealika ukoo wake wote. "Papa, mimi siombi gari nzuri," alisema. "Ninaomba tu tufike."

Nimempa ahadi. Nilipoitoa nilikumbuka ile nyingine, lakini ilikuwa imekwisha kutoka mdomoni.


Jumapili, 4 Agosti. Bwera.

Jana yote.

Saa moja na nusu Sulaiti akaniwasha. Elise akakaa mbele kulia, shela magotini. Goti langu limetulia, mguu umefungwa kitenge. Sosthène akafuata na Pijo yake, amembeba Anastasie, mashangazi na masufuria. Alisema anafuata kwa sababu barabara ni moja. Nilimwona kwenye kioo njia nzima.

Tulikwenda vizuri. Nisiwe mwongo, tulikwenda vizuri sana. Milima upande mmoja, nyika upande wa pili, binti yangu akiimba nusu sauti. Kwa muda wa saa nzima nilikuwa mtu mwenye akili.

Kisha kizuizi cha askari.

Koplo alikwenda dirisha la kulia, kama wote, akamwomba bibi arusi leseni ya udereva. Elise akaninyooshea kidole. Koplo akazunguka.

"Zima gari."

Nikamweleza kwa adabu, afande, hii ni arusi, gari lina ugonjwa, likizimwa haliamki. Akasema mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi. Nikazima. Walipekua kila kitu, hata chini ya shela. Walipomaliza alitupongeza na kusema nenda.

Nikasema haiwaki. Akacheka, akaita vijana wake, sukumeni. Sita walisukuma mpaka kwenye kalvati na kurudi. Koplo akaona tatizo ni dereva mzee, akaniteremsha, akakaa mwenyewe. Mguu wake ukatafuta. Ukatafuta tena.

"Mzee, klachi iko wapi?"

"Nimeitoa, afande."

"Nani alikupa ruhusa kutoa?"

Nikamwonyesha goti. 

Ilikuwa saa tatu na nusu. Pijo nayo ilikuwa imezimishwa, na betri yake haina uhai zaidi ya yangu, lakini vijana wale wale waliigusa tu, hatua tano, ikawaka. Mungu ana namna yake ya kusema. Sosthène akaiacha ikinguruma, akafunga vifungo vya koti, akaja kufungua mlango wa Elise. Hakucheka. Alisema mashangazi watabaki na mimi kungoja lori, bibi arusi apande Pijo, saa zinakwenda. Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililouma. Nikamwambia Elise ashuke, mwanangu, nenda na mjomba, nitakuja kwa lori nile pilau.

Elise hakushuka. Aliupanga ushungi wake vizuri, akatazama mbele.

"Mjomba, leta kamba," alisema. "Mimi niko na papa."

Koplo ndiye aliyetoa kamba. Pijo ikavuta. Anastasie alisimamisha msafara, akashuka na maua yaliyopamba masufuria, akayafunga kwenye kamba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alisema kama ni aibu basi ivae vizuri.

Ile milima ya kuingilia Bwera! Harufu ya klachi ya Sosthène ilinifikia kabla ya moshi wake. Mimi nimeshika usukani, nakata kona, napiga honi isiyolia. Saa tano kasorobo tukasimama mbele ya kanisa. Padri alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya safari.

Wamefungishwa ndoa. Elise alishika mkono wangu mpaka altareni, na tulikwenda kwa mwendo wa goti langu.

Kwenye chakula mzee Rusi, babu yake bwana arusi, alisimama kushukuru. Alisema ameona arusi nyingi lakini leo Wakongomani wamemfundisha: mjomba anavuta, baba anaongoza, na kati yao kamba ya maua. Akasema ni desturi yenye maana. Watu walipiga makofi muda mrefu. Sosthène na mimi tulitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu 1964 tulikubaliana jambo bila kusema: hatukumsahihisha.


Jumanne, 6 Agosti. Kasese.

Tumerudi kwa lori la ndizi, magari yote mawili yakiwa juu. Sulaiti amefungua sanduku la Kimarekani, ametoa kikombe cha unga mweusi. Kumbe halipendi kuvutwa. Hakuniambia, alijua mzee aliyesoma amelifikiria.

Pijo nayo imekwisha. Klachi yake imebaki barabarani, kidogo kidogo, kuanzia kizuizini mpaka kanisani. Klachi mpya ya Pijo haipatikani upande huu wa Kampala. Sosthène anatembea kwa miguu. Leo alikuja kukaa barazani kwangu, kofia magotini, mnyonge, na niliona huruma ya kweli.

Nikamwambia, shemeji, tatizo lako si klachi iliyoungua. Tatizo lako ni kuwa na klachi.

Nilimweleza polepole. Mgeni mmoja wa arusi, mtu wa Kasindi, ameniambia kuna basi dogo lililokufa huko, sanduku lake linajibadilishia gia, na ni la kizazi kile kinachokubali kusukumwa. Amekula kiapo. Sosthène aliizungusha kofia magotini. Kisha akauliza kama itachukua siku nyingi. Anastasie aliingia ndani na kufunga mlango.

Mchana, Sosthène aliposinzia kitini, nilikwenda kuipima Pijo kwa uzi. Kwa vipimo vya yule mtu wa Kasindi, sanduku linazidi nafasi kwa shubiri moja tu. Shubiri ni nini? Tutakisogeza kiti cha dereva nyuma. Sosthène ana miguu mifupi, lakini hilo hajaliuliza.