Mkono wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Nimemaliza kusahihisha sura ya tano ya ripoti ya magonjwa ya moyo: chumvi, tumbaku, kitambi, kukaa kitini kutwa. Nimeondoa koma kumi na saba huku nikila mayai ya kukaanga, yenye chumvi ya haki. Jioni daktari akanipima presha: 162 kwa 101. Eti ripoti ninayoisahihisha inanihusu! Amenipa kipimo cha kuvaa mkononi saa ishirini na nne. Mke wangu ametangaza kwamba kikisoma vibaya, chumvi inahama nyumba hii.

Jumanne, 5 Machi
Ufumbuzi! Shemeji, mdogo wa kiume wa mke wangu, ni mwalimu wa mazoezi, mwembamba kama rula, na huniita Bwana Kitambi mbele za watu. Nimemwomba avae kipimo kwa niaba yangu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema nilete, nione moyo wa mwanamume wa kweli unavyofanya kazi. Nilivumilia. Nikamfunga mwenyewe, kwa kufuata kiambatisho cha pili cha ripoti.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari alisoma karatasi, akavua miwani. 188 kwa 116! Akashangaa nimefikaje kwa miguu. Niliiona chumvi ikiaga. Kisha nikakumbuka kwamba mkono ule haukuwa wangu, na kwamba kesho mwenye nao anakimbia mbio za walimu. Kwa dakika mbili nilifikiria kumficha daktari; naziandika kwa ajili ya usahihi. Nikaungama. Daktari alitamka maneno yasiyofaa kuchapishwa. Shemeji akaitwa, akabisha, akapimwa mara tatu, akanywea. Ukurasa wa 41 wa ripoti uko wazi: presha mara nyingi haina dalili, na wembamba si kinga. Mbio amefutiwa.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji ameanza vidonge. Amekiri, kwa shingo upande, kwamba kitambi changu kimemwokoa. Mke wangu ameahirisha kunigombeza hadi wiki ijayo. Siku tulivu, ya kuridhisha.
Jumatatu nitakabidhiwa kipimo upya. Nimelitafakari suala hili bila jazba: mbinu haikuwa na kasoro, ila uteuzi wa mkono ulifanywa kwa pupa. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili havuti, hagusi chumvi, na hupanda ngazi akiimba. Leo nimempelekea suruali aipanue kiunoni. Alipoinama, nikampima mkono kwa utepe wake mwenyewe. Kipimo kitamtosha kabisa.