Viganja vya Mzee Luka

Jumatatu, 31 Machi

Clement! Clement tena!

Sista Roda, muuguzi wetu, karudi kutoka Vwawa kwenye kikao cha mafunzo. Kila mwezi matabibu wa mkoa hukutana huko, na anayetaka huleta mgonjwa mmoja wa ajabu ili wenzake wajifunze. Clement, aliyeko Isongole, ambaye chuoni alikuwa akinakili majibu yangu, kapeleka mtu mwenye moyo upande wa kulia. Wa kulia! Ukumbi mzima ukapiga makofi. Felista akampa mkono.

Felista ndiye anayeongoza vikao hivyo. Tulisoma darasa moja. Mwaka wa mwisho aliazima kalamu yangu na mpaka leo hajairudisha. Mtu hakai na kalamu ya mwenzake miaka yote hiyo bila sababu.

Mimi niko huku bondeni Kamsamba, na jua lake. Wagonjwa wangu wote mioyo iko kushoto. Malaria, kuhara, mtu kakanyaga msumari, malaria. Felista atanikumbukaje kwa malaria? Nimelala chali nikitazama bati. Namtamani mpaka tumbo linauma. Si malaria, nimejipima.

Alhamisi, 10 Aprili

Mungu si Athumani!

Kaja Mzee Luka, mkulima wa mpunga, pamoja na mkewe Bibi Rozi. Analalamikia magoti. Nikamwomba mkono nimpime mapigo, akanyoosha, nikaduwaa. Kiganja cha rangi ya chungwa! Cha pili vilevile! Nikamvua viatu: nyayo nazo! Akacheka, maana namtekenya. Kinywani hana jino hata moja, aling'olewa yote mwaka jana. Macho meupe pe, kama ya mtoto. Magoti nikayasahau palepale.

Ingekuwa ini, macho yangekuwa ya manjano. Ni meupe. Kwa hiyo si ini. Kwa hiyo ni kitu ambacho dunia haijakiona.

Sista Roda kachungulia na kusema nje kuna foleni ya watoto wenye homa. Nikamjibu kwamba homa hazikimbii. Kaenda kuwahudumia mwenyewe, mlango kaubamiza. Mimi nikapiga picha viganja kwa simu. Kidole gumba changu kimeingia pembeni, si neno.

Nikamwambia mzee, kwa sauti ya upole, kwamba ana ugonjwa adimu. Bibi Rozi akauliza kama unaua. Nikasema hatujui, ndiyo maana ya adimu. Wakatazamana. Wakaniachia boga kubwa la shukrani. Nimelipika. Tamu kweli, karibu nile na ganda.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Felista kajibu! Nilimtumia picha siku ileile, akaiona, kimya. Nikajisemea anatafuta maneno. Leo ndipo yamefika: "Mlete Mei." Maneno mawili. Nimeyasoma kabla ya ibada, wakati wa ibada, na baada ya ibada. Angeweza kusema "mlete" akaishia hapo. Kataja mwezi. Mtu asiyekujali hakutajii mwezi.

Kanisani, tulipopeana mikono, Mzee Luka alibaki na wake hewani. Watu wamesikia habari zake. Nilitaka kumwendea, lakini nilikuwa nasoma ujumbe. Baadaye Bibi Rozi kanishika pembeni, kaniambia anamwombea mumewe na mimi pia. Kanipa maboga mawili. Nimezoea sasa, wananiletea kila wiki. Sipiki tena ugali. Nikila boga namfikiria Felista, sijui kwa nini, labda kwa sababu vyote viwili vinanifanya nifumbe macho.

Nimemwagiza Shaban, mfanyabiashara anayepeleka mizigo kati ya hapa na Tunduma, aniletee shati jeupe la kikao.

Jumatano, 7 Mei

Mikono yangu!

Nilikuwa nanawa asubuhi. Nikasugua, nikasugua tena, haitoki. Viganja vyangu ni vya chungwa! Ugonjwa unaambukiza, nami ni tabibu wa kwanza kuupata. Nimetetemeka. Halafu nikafurahi. Halafu nikatetemeka tena. Nimeshaupa jina: Ugonjwa wa Silwimba. Baba angekuwa hai angejivunia, ni jina lake.

Sista Roda kashauri ninawe kwa sabuni ya mche. Kisha akaanza kunisimulia harusi aliyokwenda Vwawa baada ya Pasaka, eti nitashangaa nikisikia ni ya nani. Nikamkatisha. Mtu anaonyesha dalili, wewe unamletea pilau za watu! Kaniangalia, kasema basi.

Mzee Luka kaja na mwanawe mkubwa, Lusungu. Anagawa mali. Shamba la kando ya mto na mkokoteni kampa Lusungu, na wadogo zake wamenuna, hawamsalimii. Mzee kaniuliza, kwa upole kabisa, kama aanze kuzungumza na fundi wa jeneza. Hapo moyo ulinichoma kidogo. Nilitaka kumwambia, tata, baba yangu, usigawe kwanza. Lakini mgonjwa anayegawa mali hutikisa ukumbi, na Felista ana moyo laini. Nikamwambia fundi asubiri mpaka tutoke Vwawa.

Kama ni kufa, nife huko, kwenye baridi, Felista kanishika mkono. Hata asiponililia. Anishike tu.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika ndani ya basi, barabara mbovu, maandishi yanaruka.

Vwawa baridi, ukungu mpaka mlangoni. Shati la Shaban linanibana makwapa. Felista kavaa sweta la kijani. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyosimama, mguu mmoja kaupumzisha, kama anayesubiri maji yachemke. Nikasahau pia sentensi yangu ya kwanza. Clement kakaa mbele, kanipungia mkono kana kwamba ukumbi ni wake.

Nikajikaza. Nikaeleza yote: rangi, nyayo, macho meupe, maambukizi, mali iliyogawanywa. Picha yangu ikatua ukutani kwa projekta, kidole gumba changu kikubwa kama mlango. Clement kaacha kutabasamu. Hapo nilikuwa juu!

Felista akamsogelea mzee, akamwamkia, akamuuliza kilichompeleka kituoni ni nini. Mzee akasema: "Magoti, mwanangu. Daktari hajayagusa bado." Watu wakaanza kukohoa. Akamuuliza anakula nini. Mzee akasema boga. Na mchana? Boga. Na jioni? Mzee akafungua kinywa kuonyesha ufizi, akauliza kwani mtu asiye na meno atakula nini zaidi, msimu huu, na shamba limejaa?

Ukumbi ulipasuka. Clement alishika meza asianguke.

Felista hakucheka sana. Akawageukia wote akafundisha. Boga, papai, karoti, vina rangi, na rangi hiyo ikizidi mwilini hukaa kwenye ngozi. Haina madhara. Macho kubaki meupe ndiko kulikotuambia, tungesikiliza. Akasema mgonjwa adimu hutufundisha jambo moja: tuulize la kawaida kwanza, mpaka liishe, ndipo tutafute la ajabu. Akaligusa gumba langu pale ukutani kwa fimbo, akasema hiki hapa ndicho kinachoingia kwenye picha pale tabibu anapotaka sana kuona kitu. Nimeyaandika yote kwa wino mwekundu. Sitayasahau!

Kisha akaniomba mikono yangu.

Akaishika. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akabonyeza kiganja kwa kidole chake. Vidole baridi. Aliniuliza nimekula maboga mangapi, nikasema sijui, na kwa kweli sikujua hata jina langu. Akasema niache, rangi itaisha yenyewe. Isipoisha, nirudi aniangalie.

Nirudi aniangalie.

Akampima mzee magoti, akampa dawa na mazoezi. Basi lilipoanza kushuka bondeni ndipo mzee akaniuliza, bila kunitazama: "Nimegawa shamba langu kwa sababu ya boga?" Nilitazama dirishani. Nilikuwa na aibu, kweli, mpaka daraja la mto Momba.

Jumamosi, 24 Mei

Wiki nzima nimefikiria pete.

Nilisahau kuandika. Felista aliponishika mikono, aliniparuza kidogo, nikaangalia: pete ya dhahabu, mkono wa kushoto, kidole cha pili kutoka mwisho. Mwaka jana haikuwepo. Na Clement anayo ya namna ileile, kidole kilekile! Nimetafakari bila haraka, kama tabibu. Mtu mwepesi angekimbilia jambo la kwanza linalomjia kichwani. Mimi nimekwenda mbali zaidi. Clement alipewa kwa sababu ya ule moyo wa kulia. Ni tuzo. Wanaofanya vizuri kwenye kikao huvishwa pete, na Felista kama kiongozi lazima awe nayo. Hakuna maelezo mengine yanayokaa vizuri.

Nilimwambia Sista Roda. Alikaa chini. Akasema, "Ezron, mdogo wangu," halafu akashindwa kuendelea, akaenda kuwapima watoto homa. Nadhani ameguswa. Hakujua kama nami nitaipata.

Lakini kuna tatizo. Rangi inapungua! Kila asubuhi navipeleka viganja dirishani kama alivyofanya yeye, na kila asubuhi vimefifia zaidi. Mwisho wa Juni vitakuwa vya kawaida, viganja vya mtu yeyote, na nitakuwa sina sababu yoyote duniani ya kwenda Vwawa.

Nikaenda kwa Mzee Luka. Anatembea vizuri sasa, magoti yametulia, anakunywa uji wa mchele na maziwa. Shamba Lusungu karudisha nusu, mkokoteni kagoma. Mzee aliponiona kaingia ndani, kafunga mlango. Nikaita hodi mpaka nikachoka. Bibi Rozi ndiye aliyetoka kwa nyuma, kaniuliza nataka nini tena kwao.

Nilimwambia ukweli wote, kuhusu Felista, kalamu, pete, vidole baridi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Akaenda ghalani akarudi na maboga ya mwisho ya msimu, akanitwisha mwenyewe kichwani.

La kwanza liko motoni sasa. Sitii hata chumvi. Isipoisha, alisema, nirudi aniangalie.