Bustani Zenu Zinaliaibisha Pazia Langu

Kwa Mkurugenzi wa Bustani na Viwanja vya Mapumziko,
Halmashauri ya Mji.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUFUNGWA KWA BUSTANI ZOTE ZINAZOUZUNGUKA MJI WA KALE

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na umekaa kitini, maana yaliyomo si ya kusomwa kwa kusimama. Mimi ni mpiga picha. Studio yangu iko ndani ya ukuta wa mji wa kale, uchochoro wa mafundi saa, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Watu huniita Mzee Tulia Hivyohivyo, na kama ulifunga ndoa mjini hapa, basi nami nilishakuambia utulie hivyohivyo.

Nyuma ya kiti cha wateja wangu limetundikwa pazia la turubai lililochorwa bustani: mti mkubwa ulioinamia maji, benchi jekundu, jua upande wa kushoto, ndege wawili. Alilichora mke wangu tulipooana. Wakati ule mji ulikuwa mawe matupu, na nje ya ukuta kulikuwa na jalala na mbuzi wa watu. Aliyetaka kupigwa picha penye majani hakuwa na pa kwenda ila kwangu. Ingia sebule yoyote ya mji huu utazame ukutani: mabibi, mababu, maharusi na wahitimu, wote wako chini ya mti uleule. Bustani ya kwanza ya mji huu ni yangu, Ndugu Mkurugenzi. Nyinyi mmekuja juzi.

Sasa mmefungua nne kwa mpigo na kuzinadi kwenye kijitabu cha wageni. Maharusi wanapita chini ya dirisha langu na simu zao mkononi, magauni yakizoa vumbi, wanakuja kwenu. Sikutaka kulalamika kwa kusikia tu, kwa hiyo nilikwenda kukagua mwenyewe. Niliyoyaona ni haya:

1. Bustani ya Handaki, chini ya ukuta, ina upepo. Nilishuhudia kwa macho yangu shela la bibi harusi likimfunika bwana harusi uso mzima, na ukoo wote ukaangua kicheko badala ya kuona aibu. Studioni kwangu kuna feni, na feni ina swichi. Naomba nijulishwe swichi ya upepo wa handakini iko wapi na nani amekabidhiwa.

2. Bustani ya Mlima wa Mizinga haina jua la kuaminika. Nilifika mwanga ukiwa mzuri, nikageuka kununua maji ya kunywa, niliporudi nikakuta mwanga mwingine kabisa. Jua lile lingekuwa mwajiriwa wangu ningelifukuza siku hiyohiyo. Mke wangu amenishikia taa tangu tuanze kazi na hajawahi kusogea bila kuambiwa.

3. Katika Bustani ya Jaji watu wanalala. Wanavua viatu, wanajinyoosha kwenye nyasi, mchana kweupe. Wakili mmoja, ambaye nimempiga picha ya kiofisi mara kadhaa na kila mara alivuta tumbo ndani kama inavyotakiwa, nilimkuta chali, mdomo wazi, tumbo limeachiwa huru. Nilimwamsha ajistiri. Akanijibu kuwa amekuja kupumzika, akalala tena. Na nilipokuwa naondoka, ndege akanichafulia koti. Ndege wa pazia langu hawajawahi kumfanyia mteja hivyo.

4. Mmewafundisha watu kivuli. Hili ni kosa kubwa. Fundi saa wa jirani yangu alileta familia yake kwa picha, akalikodolea macho pazia, halafu akauliza mbona kivuli cha mti kimeangukia upande uleule liliko jua. Pazia lile limening'inia hapo tangu fundi huyo mwenyewe ni mtoto wa kubebwa, na hapana mtu aliyewahi kuuliza swali hilo. Ni kweli, mke wangu alikosea. Alichora ndani, na taa ilikuwa upande mwingine. Lakini nani angejua? Watu walikuwa hawajakaa chini ya mti! Sasa kila anayepanda ngazi zangu anatazama kivuli kwanza, kisha ananitazama mimi kama muuza maziwa aliyekamatwa na ndoo ya maji.

5. Hili nimelibakiza mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Mmenichukulia mke. Kila jioni yuko kwenye bustani yenu ya nne, ile ya mtoni. Mara ya kwanza aliniambia anakwenda kununua uzi, akarudi bila uzi, sketi imejaa majani. Kisha akaomba tulishushe pazia akirekebishe kivuli. Nikakataa, nikasema pazia lile limelisha watoto wetu. Akaniambia, "Mume wangu, nilichora kitu nisichokijua. Sasa nimekijua." Tangu siku hiyo hapandi studioni. Taa naishika kwa mkono mmoja na kamera kwa mwingine, na picha zinatoka na kiwiko changu. Naogopa, Ndugu Mkurugenzi, nakuambia kweli. Chumba kile bila yeye ni chumba tu chenye kitambaa ukutani.

Kutokana na hayo, naiomba Halmashauri izifunge bustani zote nne. Ikishindikana, ziezekwe paa. Ikishindikana pia, basi majani yagundishwe kwenye matawi, ndege waandikishwe, na Jumamosi, siku ya maharusi, upepo usiruhusiwe. Aidha, upandwe angalau mti mmoja ambao kivuli chake kitaelekea kwenye jua, ili mji uwe na utaratibu mmoja na wazee wetu walioko ukutani wasionekane waongo.

Nakutakia kazi njema, isiyozidisha bustani. Nisalimie katibu wako, walinzi wa malango na wakata nyasi, ambao sina ugomvi nao maana kazi yao imenyooka. Msalimie pia mama watoto. Picha yenu ya harusi naikumbuka sana. Mlipendeza mno chini ya mti wangu, na wewe ulivuta tumbo vizuri.

Wako mtiifu, asiyekanyaga bustani ila kwa ukaguzi,

Mzee Tulia Hivyohivyo
Mpiga Picha

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha nilikumbuka kuwa bustani ya mtoni sijaikagua, nikaenda jana jioni. Nilimkuta mke wangu kwenye benchi, chini ya mti ulioinamia maji. Alisogea tu nikae. Nikamtazama, mwanga umemwangukia usoni, na hapo ndipo nilipong'amua kuwa sina picha yake. Nilirudi nikapekua makabati yote. Mji mzima umekaa chini ya mti wake isipokuwa yeye, maana siku zote alikuwa ameshika taa. Nilichopata ni mkono wake tu, pembeni mwa negativu, sehemu ambayo huwa naikata ninaposafisha picha.

Kwa hiyo bustani hiyo ya nne msiifunge kwanza. Kibao cha langoni kinakataza stendi za kamera. Naomba kibali cha jioni moja. Na kama mafundi rangi wenu watapita huko, benchi lile lipakwe rangi nyekundu.

Nilimwuliza nani atanishikia taa. Akasema, "Jua lipo. Wewe tulia hivyohivyo."