Malkia Amekwama Mayai

Jumatatu, 3 Machi
Mwezi mmoja wa ndoa. Mume wangu akipiga mswaki tu, moyo unanidunda. Lakini leo hali, hanywi. Chatu wake, Malkia, ameshindwa kutaga. Mayai yamekwama tumboni. Wifi yangu amesema mbele ya mama mkwe kwamba nyoka wa nyumba hii hawakuwahi kuugua kabla bibi harusi hajaingia. Nikatabasamu. Nitamzalisha Malkia mimi mwenyewe, aone.

Jumanne, 4 Machi
Daktari wa wanyama amempapasa Malkia, amemchoma sindano. Anahitaji joto, unyevu na faragha; kasha analokaa lisifunguliwe. Asipotaga hadi Ijumaa atapasuliwa, na huenda asipone. Mume amelia begani mwangu. Hata machozi yake matamu! Alipokwenda kazini nikafungua kasha, kidogo tu, nikamwambia Malkia tunampenda. Baadaye nikafungua tena, asije akadhani natania.

Jumatano, 5 Machi
Wifi ameingia chumbani kwetu bila hodi, macho tumboni kwangu. Ameuliza humo kuna nini. Nikamjibu kuna chai. Watu hawana haya. Mtu atashikaje mimba akichunguliwa hivyo? Nikaenda kumchungulia Malkia. Nimemwimbia. Nimemwekea picha yetu ya harusi, apate moyo. Ameiangusha kwa pua. Wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Mume amenikuta kichwa changu kimo ndani ya kasha. Hakufoka. Ameuliza kwa upole, mke wangu, wewe ungeweza kutaga hivyo? Sauti ile! Kisha akatia kufuli, ufunguo akaondoka nao. Nimeshinda nikinusa shati lake.

Ijumaa, 7 Machi
Ametaga! Mayai meupe, na Malkia amejiviringisha juu yake. Mume amenibeba sebule nzima. Wifi ameaga mapema, kama kameza kijiko. Daktari amesema kilichosaidia ni kuachwa peke yake. Ni nyimbo zangu, ila daktari naye anapenda sifa. Ameonya tena: asisumbuliwe, mayai yasiguswe. Mume ameniapisha nisifungue kifuniko. Nimeapa, nikambusu.

Kuhusu kutoboa hakuniapisha. Keekee nimeiazima kwa seremala jirani. Tundu dogo, jicho moja linatosha kabisa. Malkia amekonda, maskini, kwa kunikumbuka.