Kifaa cha Kuokolea Maisha, Kilo Kumi na Nne

Jumatatu, 12 Juni 1995

Leo wazo langu limepitishwa. Kiwanda chetu cha sabuni hapa Mwanza kitafungua ghala Bukoba siku ya Jumamosi, na mche wa kwanza utashuka kutoka angani, mikononi mwa mrukaji wa parashuti. Nilisema kikaoni kwamba soko huria halimngoji atembeaye kwa miguu. Mkurugenzi wetu, Mzee Chenge, aliuliza ni nani huyo atakayeruka. Nilikuwa na jibu. Koplo mstaafu Modesta wa Mkolani, mfuga kuku, aliyeruka mara sitini na moja na kutua salama mara zote. Parashuti analo, aliachiwa na mhandisi mmoja wa Kidenmaki. Ndege ndogo ya misheni itakayompandisha iko Bukoba. Kilichobaki ni kumfikisha yeye na mzigo wake.

La kuzingatia: Jumatatu ijayo Mzee Chenge atamthibitisha kazini mmoja tu kati yetu wawili tulio katika majaribio idara ya masoko. Mmoja ni mimi, Shimba Mihayo, mhitimu wa chuo kikuu. Mwingine ni Annet Kaijage. Naye ni mhitimu, ila hasemi.

Annet alishauri parashuti lipelekwe kwa meli ya Alhamisi jioni pamoja na makatoni ya sabuni. Meli haina maswali, alisema. Nilimjibu kwamba kampuni itakayoshuka kutoka mbinguni haiwezi kufika imekalia magunia. Mzee Chenge alicheka. Nilishinda. Annet aliandika kitu kwenye daftari lake, kifupi.

Jumanne, 13 Juni

Mkolani, kwa suti. Kuku walinipokea kabla ya mwenyeji. Nikamwamkia shikamoo. Aliitika marahaba bila kuacha kumwaga pumba. Barua ya Mkurugenzi aliisoma mara mbili, kisha akauliza kama watu watakuwepo kweli. Nikamwahidi umati. Hajaruka tangu mwaka themanini na tisa. Alitazama viganja vyake, akasema kuku nao ni kazi, lakini hawampeleki mtu juu. Niliandika: ari ipo.

Mkoba una maparashuti mawili. Kubwa hulikunja mwenyewe. La akiba lilifungwa na fundi wa Nairobi, kwa uzi mwekundu na lakiri ndogo ya risasi, muhuri wa kuonyesha kwamba halijafunguliwa, pamoja na kadi yenye tarehe na saini. Lakiri ikikatika haruki, hata aje waziri. Kando yake kuna mpini mwekundu. Huo hauguswi. Nilimhakikishia kwamba mimi ni mtu wa kufuata maelekezo.

Sharti la pili: parashuti halisafiri tumboni mwa ndege. Aliwahi kupokea mkoba wake ukiwa umelowa maji ya samaki. Litakaa magotini pake.

Jumatano, 14 Juni

Ofisi ya shirika la ndege, mtaa wa Mirongo. Karani, Bi. Tereza, alinieleza kwamba mzigo wa kilo kumi na nne huenda tumboni. Kinachoruhusiwa kukaa na abiria ni mtoto mchanga, dawa, na kifaa cha lazima. Nikauliza nani huamua ulazima. Akasema, karatasi.

Karatasi ni fani yangu. Jioni nilichapa lebo kubwa kwa taipureta, herufi zote kubwa: KIFAA CHA KUOKOLEA MAISHA PINDI NDEGE IPATAPO HITILAFU ANGANI. KIKAE NA ABIRIA. Mhuri wa kiwanda mara tatu.

Annet aliisoma. Akauliza ndege inabeba abiria wangapi. Kumi na wawili. Na vifaa vya kuokolea maisha vingapi? Kimoja. Akasema tu, haya, kaka Shimba.

Wivu. Nimeuandika kama ulivyo.

Alhamisi, 15 Juni

Bandarini, kumsindikiza Annet na makatoni yake. Modesta naye alikuja, mkoba mgongoni. Annet alimwambia afande, nafasi ipo, blanketi lipo, kesho asubuhi tuko Bukoba tunakunywa chai. Modesta akanigeukia. Nilimkumbusha kwamba barua ya Mkurugenzi inataja ndege. Mtu aliyelelewa jeshini hulitii neno lililoandikwa. Alishusha pumzi, akasema amri ni amri.

Meli iliondoka. Annet alipunga mkono. Nilijibu kwa kuinamisha kichwa, kiofisi.

Ijumaa, 16 Juni

Naandika kwa mpangilio, ili ukweli usipotee.

Saa mbili asubuhi tulikuwa uwanja wa ndege. Askari wa ukaguzi aliiona mihuri mitatu, akatupitisha bila kufungua zipu. Nilimtazama Modesta, nikitarajia pongezi. Alikuwa akikagua lakiri.

Wingu lilikuwa zito juu ya ziwa. Safari ikaahirishwa kwa saa moja. Modesta aliitwa kupimwa uzito, kwa kuwa ndege ni ndogo na kila abiria hupimwa. Aliniachia mkoba kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Akasema kazi yangu ni kukaa nao tu.

Katika chumba cha kungojea kulikuwa na mzee mmoja, Mwalimu Rwehumbiza, mwalimu mkuu mstaafu, anarudi Muleba. Alivaa miwani, akainama, akaisoma lebo yangu kwa sauti, taratibu, kwa faida ya wasio na miwani.

Bibi Felicitas, mwenye tenga la samaki wakavu, aliuliza ni hitilafu gani hiyo. Nilisimama kumtuliza. Nikamweleza kwamba ni tahadhari tu, maana kampuni yetu huwajali watu wake. Bibi akauliza, na sisi ni watu wa nani?

Hapo mazungumzo yakawa ya wote. Mmoja alitaka tikiti yake irudishwe. Mwingine alipendekeza kifaa akabidhiwe rubani, kwa kuwa ndiye mkubwa wa chombo. Bibi Felicitas alikataa katakata. Rubani asipewe kabisa. Akipewa atatuacha humo.

Mwalimu Rwehumbiza akapiga kofi moja, kama darasani. Alisema watu wazima hawapigi kelele, huunda kamati. Akachaguliwa mwenyekiti bila kupingwa. Alihitajika katibu mwenye mwandiko mzuri. Nilipendekezwa. Kukataa kungekuwa utovu wa nidhamu ya raia.

Muhtasari niliuandika vizuri, nakiri. Mahudhurio: kumi na mmoja. Agenda ya kwanza: nani ana haki ya kifaa. Hoja ya umri ilitolewa. Baba mmoja wa Kisesa alitoa hoja ya watoto, akisema anao tisa. Bibi Felicitas alisema yeye ana wajukuu ishirini na mmoja, na tenga. Mwenyekiti aliamua kwamba kifaa ni kimoja na hakigawanyiki kama muhogo. Azimio: kwa kuwa hakiwezi kuwatosha wote, kibaki Mwanza, ili wote wasafiri wakiwa sawa. Nikaliandika, nikalipigia mstari kwa rula. Maana yake ilinifikia baada ya mstari.

Nikaomba kutoa taarifa. Mwenyekiti akasema Ndugu Katibu, katibu hana kura. Tukaingia kwenye mengineyo.

Katika mengineyo Bibi Felicitas aliomba aonyeshwe namna kinavyofunguka, angalau ajue amekataa kitu gani. Ni mara ya kwanza maishani mwangu umma kuniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Nikasema, wanakamati, huu hapa ndio mpini.

Parashuti la akiba lina springi. Hilo sikuwa nimeelezwa. Kitambaa cheupe kilifunika benchi mbili, tenga la samaki na Mwenyekiti.

Modesta alirudi mkononi ana kikaratasi cha uzito wake. Hakupaza sauti. Aliinama, akaokota lakiri sakafuni, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Kisha akakaa. Baadaye, bila kunitazama, alisema ameruka mara sitini na moja na hakuna aliyewahi kumsindikiza. Safari aliyosindikizwa ndiyo hakuruka.

Wingu liliondoka. Rubani aliletewa azimio, akasema abiria kumi ni wengi kuliko wawili. Walimpa Modesta pole mmoja mmoja wakipita, kama msibani. Mwenyekiti aliomba nakala ya muhtasari. Nilimpa, ikiwa na saini.

Jumamosi, 17 Juni

Ghala limefunguliwa Bukoba bila mtu kutoka angani.

Nilikwenda Mkolani bila suti. Modesta alikuwa uani akikung'uta magamba ya samaki kwenye kitambaa. Akaniamuru nishike ncha ile, niinue juu, nisiongee. Nilishika. Ndege ilipita juu yetu kuelekea ziwani. Kuku walitazama. Yeye hakutazama.

Jumatatu, 19 Juni

Mzee Chenge alikuwa na muhtasari wangu mezani. Kumbe Mwalimu Rwehumbiza alifika kwenye ufunguzi, akamweleza Annet kwa nini hakuna mrukaji. Annet akamwomba apande juu ya katoni na awasomee watu nakala yake. Walicheka hadi mengineyo, kisha wakaomba kurudiwa. Sabuni iliisha kabla ya saa saba.

Mkurugenzi aliniuliza kama kazi ile ni yangu. Nilisimama wima. Akasema hajapata kuona muhtasari uliopangika vile tangu aanze utumishi. Kisha akanipa barua. Muda wangu wa majaribio umeongezwa miezi sita. Nitakuwa chini ya Bi. Annet Kaijage, Ofisa Masoko, aliyethibitishwa leo.

Bi. Annet hakunisimanga. Alisema kiwanda kitagharimia lakiri mpya Nairobi, na Modesta ataruka hapa hapa Mwanza mwezi wa nane, kwa sababu mwanamke yule ameahidiwa umati. Kwanza atalipeleka parashuti lake Nairobi kwa ndege. Aliuliza nani amsindikize. Nilijitolea kabla hajamaliza swali. Modesta alipopigiwa simu alikubali, kwa sharti kwamba safari yote mikono yangu iwe mfukoni.

Jumanne, 20 Juni

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa moja tu: lebo haikujitosheleza. Nimechapa nyingine, ndefu zaidi: HIKI SI KIFAA CHA KUOKOLEA MAISHA. NDEGE HII HAINA HITILAFU YOYOTE INAYOFAHAMIKA HADI SASA. Mihuri mitano.

Sioni abiria atakayebaki na swali. Hata hivyo nimeweka kwenye mkoba karatasi safi za muhtasari, na rula.